Fundi kaniletea bili ya nyongeza karibu robo ya bei tuliyopatana, nilipe au nigome?

Vyumba_Viwili

Wakuu habari za saa hizi, naomba mawazo yenu maana leo siku ya tatu silali vizuri. Nilikuwa naongeza vyumba viwili na kibaraza nyuma ya nyumba, nikapatana na fundi bei moja ya jumla, yani vifaa na ufundi vyote viko kwake, mi kazi yangu kulipa kwa awamu nne afu nikabidhiwe funguo. Tuliandikishana, karatasi moja ya daftari, ina bei ya jumla, ina awamu, ina sahihi zetu na ya jirani kama shahidi. Ramani ipo. Mchanganuo wa kitu kimoja kimoja haupo, hapo najua nilizingua msinipige sana.

Kazi imefika kwenye rangi, marumaru zimeshakaa, imebaki awamu ya mwisho tu. Juzi jioni kaja na karatasi nyingine kaikunja mfukoni, "bosi hii ni ile ya nyongeza". Ile ipi? Mi sijawahi kuisikia. Nimeijumlisha mwenyewe inakuja asilimia 23 ya bei yote tuliyopatana mwanzo, 23 wakuu!! Ndani yake kuna kuchimba msingi zaidi mita za ujazo 12.6, kuna tofali 220 za nyongeza na simenti yake, kuna kupanda kwa bei ya simenti na nondo, kuna ufundi wa marumaru kubwa, kuna kubeba kifusi, kuna usimamizi asilimia 10, na mstari wa mwisho kabisa umeandikwa "mengineyo" na hela yake ni kubwa kuliko ya kifusi.

Niseme ukweli wote msije mkanishauri nusu nusu. Wakati wanachimba alinipigia simu akasema upande wa nyuma kuna shimo la taka la zamani, udongo haushiki, lazima washuke zaidi. Nikamwambia fanya inavyotakiwa nyumba isije ikanipasukia. Hela hatukuongelea, yeye hakutaja na mi sikuuliza. Marumaru ni mama watoto alibadilisha, kwenye makubaliano zilikuwa za sentimita 40 kwa 40 yeye akapenda za 60 kwa 60, akamalizana na fundi mi niko kazini.

Sasa fundi anasema asipolipwa yote harudi, na milango miwili bado haijafungwa. Nilipe tu yaishe, nilipe nusu au nigome?

Simchezo_tena

Usilipe hata senti mkuu. Bei ya jumla ni bei ya jumla, angechimba akakuta dhahabu angekugawia? Mafundi wote ndo mchezo wao huo, anakupa bei ya chini upate usingizi afu anakuja kuifidia mwishoni akijua huna pa kukimbilia. Badilisha kitasa leo leo, tafuta mwingine amalizie milango.

PimaMaji

Mkuu hapo juu unampoteza mwenzako. Mimi ni fundi, nipo saiti kuanzia bado nikiwa nachanganya udongo, kwahiyo nisikilizeni hata kama mtasema namtetea wa kwetu.

Bei ya jumla inafunga kile kilichoko kwenye ramani. Ramani ikisema msingi ushuke sentimita 90 basi nikikosea hesabu ya hizo 90 ni juu yangu, nikisahau simenti ni juu yangu, tofali zikivunjika ni juu yangu. Ila shimo la taka halikuwa kwenye ramani, hakuna fundi mwenye macho ya kuona chini ya ardhi, na ukijenga juu ya taka ukuta utapasuka mwaka haujaisha afu huyo huyo fundi ndo ataitwa tapeli. Kwahiyo kushuka zaidi ni kazi halali na ina hela yake, tena we mwenyewe ulimwambia fanya inavyotakiwa. Hiyo sentensi ina bei mkuu.

Kifusi pia watu huwa hawaelewi. Udongo ukiwa ardhini umeshikana, ukiutoa unavimba, mita 1 ya ujazo uliyochimba kwenye gari inakuwa mita 1 na robo hivi, udongo mwingine hata zaidi. Sasa mwenye nyumba anahesabu shimo, fundi anahesabu tripu, wanagombana wakati wote wako sahihi. Na taka hairudishwi kwenye msingi kufukia, inatoka yote.

Marumaru kubwa nazo sio roho mbaya. Za 60 zinataka sakafu iliyonyooka kwelikweli, kibonde kidogo tu kona moja inanyanyuka kila anayepita anajikwaa, kwahiyo muda mwingi unaishia kunyoosha sakafu kabla hujaweka hata moja.

Ila huyo fundi kakosea sehemu moja na ni ugonjwa wetu wengi. Tunaogopa kutaja hela kazi ikiwa inaenda. Unaona bosi leo kaamka vizuri, unasema ngoja nisimharibie siku, kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, unakuja kushtuka uko kwenye rangi na una madeni ya dukani, ndo unaandika karatasi moja usiku na hasira zako zote humo humo. Hiyo "mengineyo" naijua vizuri, ni mambo aliyosahau kuyaandika akayapa jina moja.

Swali langu, bei ya simenti anayosema imepanda, we awamu zako ulilipa kwa wakati?

Vyumba_Viwili

Hapo umenipata. Awamu ya pili ilichelewa wiki tano, kuna hela nilikuwa naitegemea ikagoma kutoka. Alikuwa anapiga simu kila siku anasema simenti inapanda mi nikajua ni maneno ya kunikimbiza tu.

PimaMaji

Basi hiyo usimgomee yote. Simenti aliyotakiwa kuinunua kwa awamu ya kwanza ni mzigo wake, bei ipande ishuke, hiyo ndo maana ya kufunga bei. Ile ya kununuliwa kwa awamu ya pili iliyopanda akiwa anakusubiri wewe, tofauti yake ni yako. Muombe risiti zenye tarehe, hapo hakuna siri.

FutiKamba_

Mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi yangu kila siku ni bili kama hizi, kubwa na ndogo. Kabla hujafika kwenye haki na sheria pima kwanza, watu wanagombana mwezi mzima juu ya namba ambayo futi kamba ingeimaliza ndani ya dakika kumi.

Nipe vitu vinne. Urefu wa msingi wote ukijumlisha kuta zote, upana wa mtaro, huo upande mbovu una urefu gani, na walishuka kiasi gani zaidi ya ramani. Na kama una picha ya wakati wanachimba itafute sasa hivi.

Vyumba_Viwili

Msingi wote mita 42 kwa mujibu wa ramani. Upana sentimita 60. Upande mbovu ni ukuta wa nyuma tu mita 14. Walishuka nusu mita zaidi, picha ninayo, mwanangu mkubwa aliingia ndani ya mtaro akapigwa picha anacheka, na kwenye kona unaona kabisa pale mtaro unapopanda kurudi kwenye kina cha kawaida.

FutiKamba_

Mshukuru mwanao.

Angalia. Mita 14 mara 0.6 mara 0.5 ni mita za ujazo 4.2. Yeye kaandika 12.6. Sasa chukua mita 42 zote mara 0.6 mara 0.5, unapata 12.6 kamili. Maana yake kakulipisha kama vile msingi mzima ulishuka nusu mita, wakati picha inaonyesha theluthi moja. Sisemi kaiba, inawezekana aliyeandika karatasi ni mwingine kabisa, kaambiwa "tulishuka nusu mita" akazidisha na urefu uliopo kwenye ramani. Nimeshakutana nayo sana.

Tofali hivyo hivyo. Ukuta wa ziada ni mita 14 kwa nusu mita, mita 7 za mraba. Tofali ya kawaida ya sentimita 45 kwa 22.5 ikisimamishwa zinaingia kama 10 kwenye mita 1 ya mraba, kwahiyo 70, weka na za kuvunjika sema 74. Sasa kuwa makini hapa, kwenye msingi mafundi wengi wanalaza tofali na zikilazwa zinakula zaidi, zile za unene wa sentimita 15 ni kama 14 kwa mita ya mraba, hapo inakuja karibu 100. Muulize alilaza au alisimamisha. Ila 220 haipo kwa namna yoyote, isipokuwa urudi kule kule kwenye mita 42, maana 42 mara nusu ni 21, mara 10 ni 210, ongeza asilimia 5 za kuvunjika ni 220. Kosa ni moja limezaa mara mbili. Na kama kifusi kakihesabu kutoka kwenye 12.6 basi limezaa mara tatu.

Usimamizi asilimia 10, uliza ni asilimia 10 ya nini. Bei ya jumla ilishabeba usimamizi wake na faida yake ndani, huwezi kulipa mara mbili. Lakini juu ya kazi ya nyongeza peke yake ni kawaida mjenzi kuweka asilimia yake, hata 10 sio ajabu, maana alisimama pale siku za ziada. Kwahiyo kama ni 10 ya nyongeza iliyosahihishwa mpe, kama ni 10 ya nyumba nzima kata.

Mengineyo usilipe wala usikatae, mwambie ayaandike majina.

Dada_wa_Lenta

Mi niongeze la kwangu maana nilishakuwa hapo ulipo na nikasikiliza washauri aina ya Simchezo.

Nilikuwa najenga, bili ikaja imezidi, nikakasirika nikamwambia fundi toka kwenye saiti yangu. Akatoka kweli, hakubisha hata. Nilichosahau ni kwamba yeye ndo alipitisha mabomba yote ya maji na ya umeme ukutani, na yalivyopita yalikuwa kichwani mwake, hakuna mchoro hakuna picha. Fundi niliyemleta akafika akaangalia kuta akaniuliza maji yanapita wapi, nikabaki namwangalia na yeye ananiangalia. Tulibomoa plasta sehemu sita tukitafuta bomba moja. Na yeye akaweka bei yake ya "kurekebisha kazi ya mtu", mnajua fundi akiikuta kazi ya mwenzake anavyoguna, kila mguno una hela. Mpaka namaliza nilikuwa nimetumia zaidi ya ile nyongeza niliyoikataa, na yule wa kwanza bado akawa ananidai, balozi wa nyumba kumi akaitwa, ikabidi nimlipe kidogo na aibu juu.

Ningerudia ningelipa zile sehemu ambazo hata mimi najua ni za kweli, siku hiyo hiyo, na kuandika kwamba hii ni ya kitu fulani na kitu fulani, zilizobaki tunaendelea kuongea. Mtu aliyepokea hela anaongea vizuri nyie. Aliyeambiwa hapati hata moja anakuja na ndugu zake.

Simchezo_tena

Sawa dada nimesikia, ila we ulikosea kumfukuza kabla hujapata wa kuziba.

Dada_wa_Lenta

@Simchezo_tena wewe unajenga au unasoma tu?

Simchezo_tena

Nasoma 😂

FutiKamba_

Alichosema dada ndicho tunachofanya hata kwenye kazi kubwa, sehemu isiyo na mgogoro inalipwa, sehemu yenye mgogoro inabaki mezani na sababu yake imeandikwa. Ukizuia yote kwa ajili ya kipande, wewe ndo unakuwa mvunja makubaliano na yeye anapata sababu ya kuondoka.

Na hili la kusema "sikukubali kwa maandishi", usilitegemee sana. Ulipewa taarifa kwa simu, ukasema fanya, ukuta umejengwa na utaufaidi. Hata ukimfikisha kwa hakimu ni ngumu kusimama na kusema hukujua. Lakini na yeye hawezi kujipangia bei peke yake kwa sababu tu ulisema fanya, hapo inatakiwa bei ya haki kwa kazi iliyofanyika kweli, na ndo maana nakwambia pima. Mchanganuo hamna, ila muombe hesabu alizopigia bei ya mwanzo zikusaidie, kama tofali moja ilikuwa na bei fulani humo basi na ya nyongeza iwe hiyo hiyo, isiwe ya dhahabu kwa kuwa imekuja mwishoni.

Kwenye mikataba mikubwa ya FIDIC ya 1999, hiyo ni mikataba ya mfano ya ujenzi ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mkandarasi akikutana na kitu cha kumletea gharama za ziada anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, akipitisha anapoteza haki ya kudai. Wewe huna FIDIC una karatasi ya daftari, lakini wazo ni lile lile na ungeweza kuliandika kwa mstari mmoja, kwamba kazi yoyote isiyo kwenye ramani haianzi mpaka bei yake imetumwa kwa mesegi na imejibiwa. Mesegi ya WhatsApp inatosha kabisa, ina tarehe ina saa.

Kitu kingine, mna fungu lolote mmelizuia la kusubiri kasoro? Kwenye kazi rasmi inazuiwa asilimia 5 mpaka 10, nusu inatoka siku ya makabidhiano, nusu inasubiri miezi 6 au 12. Kama hamkuandika huwezi kulazimisha leo, ila unaweza kuliomba kama sehemu ya mapatano.

PimaMaji

Na ukienda kukaa nae usiende na jirani, wala usiende na mama watoto akaanza kusema marumaru hakusema vile. Nenda na futi kamba, ramani, picha na chai. Mkae pale pale kwenye ukuta wa nyuma, sio ofisini kwa mtu. Fundi akiwa amesimama kwenye kazi yake anaona aibu kudanganya, akiwa mbali nayo haoni.

Na usianze na "umeniibia". Anza na vile utakavyolipa, mwambie marumaru nalipa, shimo nalipa, tofauti ya simenti ya wiki zangu tano nalipa. Akishatulia ndo utoe picha.

Vyumba_Viwili

Wakuu narudisha mrejesho kama nilivyoahidi inbox kwa wengine.

Tulikaa jana asubuhi kwenye ukuta wa nyuma. Nilifanya kama PimaMaji alivyosema, nikaanza na ninavyolipa, nikaona mabega yake yanashuka yenyewe. Marumaru tukamaliza, ilibidi nimpigie mama watoto simu akakiri kwamba aliambiwa ufundi utaongezeka, mi ndo sikuambiwa, hilo nitalimaliza ndani kwangu.

Afu nikatoa picha ya mtoto kwenye mtaro. Akaiangalia sana, akachukua karatasi yake akaiangalia tena, akamwita kijana wake anayeandika hesabu, akamuuliza hii 12 umeitoa wapi. Kijana anasema si ulisema tumeshuka nusu mita. Vile vile FutiKamba alivyosema, neno kwa neno, nilitamani kucheka nikajizuia. Tukapima wote watatu, mita 14 na sentimita 20 ikatoka, nikamwambia hizo 20 ni zako. Tofali alizilaza kweli, tukakubaliana 100. Kifusi kikapungua chenyewe.

Simenti kaleta risiti, za awamu ya kwanza tarehe zake ni kabla ya kupanda kwahiyo hazina la kusema, nondo nazo zote zilikuwa za mwanzo kakubali kuziondoa, ilibaki mifuko ya baada ya wiki zangu tano, nimelipa tofauti na sikubisha.

Mengineyo ndo ilinishangaza. Kumbe ndani yake kuna siku tatu vibarua wamekaa wanasubiri marumaru zichaguliwe, kuna maji ya kununua wakati bomba letu halitoi, na kuna kioo cha dirisha la zamani walikivunja wao wenyewe wakinitolea mbao! Nikamwambia kaka hicho kioo unanilipisha mimi? Akacheka akakikata. Siku tatu na maji nimelipa.

Usimamizi tumeweka kwenye nyongeza tu. Jumla imetoka asilimia 23 imeshuka mpaka 9. Bado inauma ila najua ni ya nini. Kuhusu kuzuia fungu la kasoro aligoma kidogo, akasema hatukuandika, na ni kweli, mwisho kakubali kipande kidogo kikae mpaka mvua za kwanza zinyeshe juu ya bati tuone.

Leo kafunga mlango mmoja. Mchana kanifuata anasema kibaraza kimeinuka kuliko uwanja, panatakiwa ngazi moja zaidi watoto wasije wakaanguka. Nikamuuliza ni bei gani. Kaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu.

Simchezo_tena

Kwahiyo kitasa hukubadilisha?